Papa Chini ya Kiti cha Plastiki

Papa wa kwanza alipanda ngazi ya nyumba ya Tauledi siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Tauledi alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya saba. Nazi zilikuwa za dada wa marehemu mkewe, waliotaka tui la kupikia magimbi, na mgane hana ruhusa ya kukataa kazi ya upande wa mke mpaka msiba uishe.

Papa mwenyewe hakuwa mkubwa, urefu wa mkono wa mtu mzima hivi, rangi ya mchanga, madoa ya kahawia mwili mzima. Alipanda vidato vitano kwa mapezi yake, kulia, kushoto, kulia, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Kwenye kidato cha tatu alipumzika. Alipofika juu alipita karibu na goti la Tauledi, akaburuta tumbo juu ya mkeka, akaenda hadi kona palipokuwa na kiti cheupe cha plastiki. Akaingiza kichwa chini ya kiti. Mwili wote ulibaki nje. Akatulia.

Tauledi akamaliza nazi ya saba, akachukua ya nane.

Pale kisiwani Tewalai huyu ni papa wa kila siku, wanamwita papa-mguu. Samaki wengine maji yakipwa hukimbilia kilindini. Yeye hubaki kwenye vidimbwi vya juu ya mwamba akifukua minyoo na kaa wadogo, na kidimbwi kikikauka hutoka akatembea juu ya matumbawe hadi kidimbwi kingine, jua linamchoma mgongo, hana habari. Pumzi ikimwishia hafi. Hupunguza mapigo ya moyo, halafu huzima vitu kichwani kimoja kimoja, kama mama mwenye nyumba anayebana mafuta ya taa, mpaka anabakiza kijimwanga kimoja tu cha kumjulisha maji yakirudi. Nyuma ya kichwa, kila upande, ana doa jeusi la mviringo lenye duara jeupe, kubwa kuliko jicho lake. Doa hilo linakutazama hata yeye asipokutazama. Ujinga wake ni mmoja tu. Akiona hatari huchomeka kichwa chini ya jiwe, na kichwa kikishafichika anaamini amejificha mzima. Watoto humvuta mkia wakacheka.

Ila kabla ya Jumanne hiyo hakuna papa-mguu aliyewahi kuvuka mizizi ya minazi.

Ilabesi, dada mkubwa wa marehemu, alifika kuchukua nazi. Alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Shemeji, una mgeni."

"Ninamwona."

"Amelowesha mkeka wa mdogo wangu."

"Nitauanika."

"Na kiti bado unacho."

"Sikikalii," Tauledi akasema haraka. Mfiwa hukaa chini. "Kimekaa tu hapo."

"Kimekaa, ndiyo," Ilabesi akasema. Akachukua bakuli la nazi, akaruka mkia wa papa, akateremka. Chini alimpigia kelele mtu kwamba Tauledi anafuga samaki ndani siku hizi, labda anataka kuoa. Watu wakacheka.

Maji yalipoanza kujaa papa akajitoa chini ya kiti, akateremka ngazi kinyumenyume, akarudi baharini kwa njia ya nyuma ya kanisa.

Kiti kile kilitoka kwa diwani.

Miaka minne nyuma serikali ilileta boti ya zahanati Tewalai, ikapiga picha, ikaondoka. Ilileta boti, mashine yake, na pipa la petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, kwa ajili ya kupeleka wagonjwa hospitali ya Alotau, mjini ng'ambo ya bahari. Ufunguo wa pipa alipewa Tauledi, kwa sababu hanywi pombe na ameoa ukoo mkubwa. Aliuvaa shingoni kwa kamba. Sinelaiya, mkewe, alikuwa akimtania kwamba siku hizi hata usingizini analinda mali ya serikali.

Diwani Geresoni naye alikuwa na televisheni, dishi na jenereta, na uchaguzi ulikuwa mwakani. Mechi za ragbi za Australia zilikuwa tatu, na Tewalai nzima imegawanyika, nyumba kwa nyumba, jezi ya buluu na jezi nyekundu; kuna mume na mke wasiosalimiana mpaka mechi iishe.

"Kaka Tauledi," diwani alimwambia, "unataka watu wasikilize redioni kama babu zetu?"

"Hayo ni mafuta ya wagonjwa, diwani."

"Nani anaumwa?"

Tauledi alifikiri. Wiki hiyo hakuna aliyekuwa anaumwa.

"Meli ya Ijumaa inaleta pipa jingine. Nimeshaongea na wakubwa."

Wakubwa wakiongea na wakubwa wenzao, kinachosafiri ni maneno tu, meli haiji. Lakini Tauledi alivua kamba shingoni.

Watu wote walikusanyika ukumbini. Diwani alitangaza kwamba petroli imetoka mfukoni mwake, zawadi kwa wananchi. Wananchi wakapiga makofi. Tauledi alipewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, naye akapiga makofi. Jenereta ile haikutengenezwa kwa mafuta yenye oili, basi ilitoa moshi mweupe, mzito, wenye harufu ile ile ya boti, ukajaa ukumbi mzima. Watu walikohoa, wakashangilia, wakakohoa tena. Sinelaiya alikuwa amekaa na dada zake dirishani, amefunika pua kwa kanga, amevaa jezi nyekundu. Mechi ya tatu ilichezwa Jumapili alasiri, na dakika tano kabla haijaisha jenereta ikanywa tone la mwisho. Hata hivyo nyekundu walikuwa wameshashinda.

"Ondoka nacho hicho kiti, kaka," diwani alisema. "Umetusaidia sana."

Jumanne asubuhi, miezi saba kabla ya papa wa kwanza kuja, Sinelaiya aliamka na tumbo limekaza kama ubao. Muuguzi alimgusa mara moja tu akasema hospitali, leo, sasa hivi. Wakambeba mpaka ufukweni wakamlaza kwenye kivuli cha boti. Maji yalikuwa yanakupwa. Boti yenye mashine ingepita mkondo mdogo hata maji yakiwa chini. Ngalawa ya tanga ilibidi isubiri yajae.

"Mafuta je, Tauledi?" Sinelaiya aliuliza.

"Mashine imeharibika," Tauledi alisema.

Sinelaiya alimtazama kidogo. "Haya," akasema. "Basi tusubiri maji."

Walisubiri kutoka saa tatu mpaka saa nane. Mwanamke hakulalamika. Alipumua kidogo kidogo, macho wazi. Maji yaliporudi wakampakia kwenye ngalawa, na pale kwenye mlango wa mwamba, kabla tanga halijashika upepo, akafa.

Mazikoni diwani alisema maneno mazuri. Alisema mashine iliharibika, kwamba ameshapeleka malalamiko ngazi za juu, na kwamba Tauledi mwenyewe, mwenye ufunguo, ni shahidi. Watu wakamgeukia Tauledi. Tauledi akatikisa kichwa kukubali.

Kwa sababu Sinelaiya alifia mwambani, na kwa sababu ya ukoo wake, mwamba ulifungwa. Nguzo iliyofungwa makuti makavu ilisimamishwa pale mlangoni, na kwa mwaka mzima hakuna mtu kugusa samaki, pweza wala jongoo bahari, mpaka ndugu zake wafanye karamu ya kuufungua. Kule huita gwala. Tauledi naye alifungwa kwa namna yake: asioge, asinyoe, ajipake masizi, asitafune tambuu, apite nyuma ya nyumba za watu. Siku ya karamu shemeji zake watamuuliza, kama wanavyoulizwa wagane wote: kuna kitu chake kimebaki mkononi mwako? Akijibu hakuna, wanamwogesha, wanamnyoa, na mwamba unafunguliwa. Kwa hiyo kila mgane hukusanya vitu vyote, kikapu cha mke, kibuyu chake cha chokaa, mkufu wake wa kombe nyekundu, asije akajibu uongo. Anayejibu uongo, maji hayamtakasi. Hilo wanalijua wote, halisemwi.

Huo ndio ulikuwa mzigo wa Tauledi, miezi saba sasa. Vitu alishavikusanya. Lililobaki halikuwa la kutia kikapuni.

Wiki ya pili walikuja papa sita, ya tatu wakafika kama arobaini. Hawakuja wote kwa Tauledi. Kwake aliendelea kuja yule yule mmoja. Wengine walikwenda kwenye boti ya zahanati. Maji yakianza kupwa walipanda ufukweni kwa mistari, wakajipanga kivulini chini ya boti, ubavu kwa ubavu, vichwa upande mmoja, wakazima. Walikaa hivyo mpaka maji yajae, ndipo wakaondoka. Wanawake wakienda kisimani waliwaruka. Mchungaji alimwagia wachache maji kwa kata, akaona hawahitaji, akaacha. Kitu pekee kilichowaudhi watu ni kwamba mwamba umefungwa, kwa hiyo papa hao hawaliki, na walikuwa wanono.

Diwani aliamuru boti ihamishwe, ikapelekwa nyuma ya shule. Papa wakaenda nyuma ya shule. Hiyo ni mbali zaidi, na wawili walikanyagwa na nguruwe. Watu wakairudisha boti ufukweni, maana haikuwa haki.

Kisha diwani akaitisha mkutano. Mnunuzi wa jongoo bahari alikuwa Alotau, na hawezi kungoja mwaka utimie.

"Ndugu zangu, marehemu tulimpenda wote," alisema. "Lakini angependa watoto wakose daftari? Miezi saba inatosha. Mchele wa karamu nautoa mimi."

"Wa mfukoni mwako?" aliuliza mzee Kedisau, mjomba wa marehemu, akitafuna popoo.

"Wa mfukoni mwangu, mzee."

"Mfuko huo mrefu. Siku moja tutautumbukizia mkono tutoe na hospitali."

Watu wakacheka, diwani akacheka kuliko wote. Chini ya kiti chake papa watatu walikuwa wamechomeka vichwa, mikia imetokeza mpaka katikati ya duara, na alipotaka kusimama ilibidi aisogeze kwa mguu taratibu. Aliomba radhi. Karamu ikapangwa baada ya wiki tatu.

Tauledi alikaa chini nyuma ya watu. Alitaka kuinuka aseme. Alipanga maneno vizuri, yalikuwa machache: nilimpa diwani mafuta, yakaisha, nikamdanganya mke wangu. Mkutano ukafungwa akiwa bado anayapanga.

Siku chache baadaye Ilabesi alikwenda zahanati kutafuta vyombo vya kuchotea maji ya karamu. Kufuli la pipa lilining'inia wazi. Tauledi hakuwa amelifunga tangu mechi ya tatu, hakukuwa na cha kufungia. Mfuniko ulikuwa kando. Mvua ilijaza pipa nusu, na papa jike mmoja alikuwa akitaga humo. Mayai yao ni vifuko vya kahawia, vigumu kama ngozi, huyataga mawili mawili, na yanakaa miezi minne kabla ya kuanguliwa. Yalikuwamo kumi. Ilabesi alichukua moja akaliinua juani, akaona mtoto ndani anajipindapinda, ana mistari myeupe na myeusi. Akanusa mkono wake. Akalirudisha.

Alimkuta Tauledi anapasua kuni.

"Pipa lina mayai," alisema.

Shoka likasimama. "Nitayatoa."

"Usiyatoe. Yameshaanza safari." Alibaki amesimama. "Yananuka boti."

Ilabesi aliinama akaokota kuni tano kwa mikono yake, kitu ambacho shemeji wa upande wa mke hafanyi mbele ya mfiwa, akaondoka nazo.

Siku ya karamu walichinja nguruwe wanane. Mchele wa diwani ulifika, magunia machache kuliko aliyoyataja, na diwani akakaa mbele. Tauledi aliletwa katikati ya uwanja, mweusi kwa masizi, ndevu zimefika kifuani, akaketishwa kwenye mkeka. Papa wake alikuja naye, akakosa kiti cha kuingia chini yake, akachomeka kichwa chini ya goti la Tauledi. Mbele yao viliwekwa kikapu, kibuyu cha chokaa na mkufu. Dada watatu wa marehemu walisimama na ndoo za maji na majani ya kunukia.

Ilabesi aliuliza, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mume wa ndugu yetu, kuna kitu chake kimebaki mkononi mwako?"

Diwani alikuwa anatazama kucha zake.

"Kipo," Tauledi alisema.

Hakuna aliyekumbuka mgane kujibu hivyo. Tauledi alivua ile kamba shingoni, akaweka ufunguo juu ya mkeka, karibu na mkufu.

"Mashine haikuharibika," alisema. "Pipa lilikuwa tupu. Mafuta yake tuliyawashia jenereta ya ragbi. Mimi ndiye niliyefungua. Aliniuliza mafuta, nikamwambia mashine imeharibika. Akanyamaza, akasubiri maji. Nilimwacha anasubiri maji."

Alisema yote hayo akitazama chini. Alipomaliza alingoja. Alikuwa amefikiri watampiga, au watamfukuza kisiwani, au watamshika diwani. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo, na ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kujisikia mwepesi.

Jiko la nguruwe lilisikika likichuruzika mafuta. Mtu mmoja alikohoa. Kisha mwingine, upande wa pili.

"Shemeji," Ilabesi alisema, na sauti sasa ilikuwa ya kawaida, ya jikoni. "Wewe unafikiri sisi hatuna pua?"

Tauledi akainua uso.

"Moshi ule ulikuwa wa boti. Mimi niliujua mechi ya kwanza. Yeye alikaa ubavuni pangu, ndiye aliyeniambia, 'Dada, hiyo ni harufu ya mume wangu, hayo ni mafuta ya zahanati.' Tukacheka. Akasema nyamaza, wanakaribia kufunga." Alichovya majani kwenye ndoo. "Mashine, mashine. Tulikohoa wote, shemeji. Tulikohoa mechi tatu."

Mzee Kedisau alitema popoo pembeni, akafuta mdomo. Diwani alisema kwamba haya ni mambo ya kutazama mbele, na kwamba ataiandikia ofisi ya mkoa. Wakubwa wakiona aibu hukimbilia kuandika.

Wakamwogesha. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi, kama ya mgane yeyote. Tauledi aliyatazama kwa makini yakipotea mchangani, akitafuta tofauti, hakuiona. Wakamnyoa, wakampa shati jipya. Ilabesi akaokota ufunguo. Watu walidhani atautupa baharini au atampa muuguzi. Alimrudishia Tauledi shingoni.

"Hakuna mwingine anayeutaka," alisema.

Jioni hiyo nguzo iling'olewa. Kufikia mwisho wa wiki mwamba ulikuwa hauna jongoo bahari hata mmoja, na daftari za watoto zilizungumzwa mara moja tu tena, wakati wa kampeni. Geresoni alishinda. Papa hawakuliwa, ingawa sasa ilikuwa halali. Watu walisema nyama yao imekuwa na oili, na hakuna aliyesema ameionja. Papa waliendelea kuja kila maji yanapokupwa na kujipanga chini ya boti. Mayai ya kwenye pipa yalianguliwa, na muuguzi akawabeba watoto kwa ndoo mpaka mwambani, mistari yao myeusi na myeupe, wakinuka petroli.

Pipa jipya lilikuja mwezi wa kumi na nne tangu lile la kwanza kuisha, pamoja na mpiga picha. Ragbi ilikuja wiki iliyofuata.

"Kaka, ufunguo," diwani alisema.

"Hapana."

"Kaka Tauledi."

"Nimesema hapana, diwani. Nenda kamwambie yeyote unayetaka."

Diwani hakukasirika. Alimpigapiga bega, akaenda. Kufuli lilivunjwa kwa jiwe, na walioviringisha pipa hadi ukumbini ni watoto wa Ilabesi, wapwa wa marehemu, vijana wenye nguvu, jezi nyekundu.

Jumapili alasiri Tauledi alikaa nyumbani peke yake, ufunguo usiofungua kitu shingoni, papa yuko chini ya kiti. Alikuwa amesema mara mbili, mara moja mbele ya watu wote na mara moja mbele ya diwani, na hakujua kitu kingine cha kusema. Moshi ulianza kuingia dirishani. Alifunga dirisha. Akasikia jenereta, kisha firimbi, kisha watu wakikohoa, halafu ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Nyekundu walikuwa wamefunga, au buluu. Kutoka pale hukuweza kujua.

Alikaa kidogo. Kisha akamsogeza papa taratibu, akachukua kiti, akateremka ngazi.

Papa alimfuata, kulia, kushoto, kulia, njia nzima ya nyuma ya kanisa. Ukumbini chini ya kila kiti mlikuwa na papa mmoja au wawili, na watu walikuwa wameinua miguu kidogo kuwapa nafasi. Ilabesi alimwona, akawasukuma wanawe kwa kiwiko wakasogea, naye Tauledi akapata mahali mbele, palepale pa mwaka ule. Akaweka kiti, akakaa.

"Ngapi ngapi?" aliuliza.

"Sita bila," Ilabesi alisema, hakugeuka. "Nyekundu."

Papa akaingiza kichwa chini ya kiti. Mwili wote ulibaki nje. Tauledi akainua miguu, akakohoa, akatazama mbele.